Nyumba ya Huyu, Kiwanja cha Yule: Mitaa ya Ng'ambo ya Unguja na Mas-ala ya Ardhi



Miongoni mwa maswali ambayo imamu wa mtaa katika mwambao wetu hawezi kuyakwepa, hasa baada ya siku za matanga jamaa wanapoanza kuulizana habari za mirathi, ni hili: marehemu ameacha nyumba, lakini kiwanja kilichobeba nyumba hiyo si chake, wala hakikuwa cha baba yake. Je, warithi wana kitu cha kugawana? Jawabu ni fupi: wanacho. Nyumba ni mali, na aliyeijenga kwa idhini ameimiliki, hata kama chini ya msingi wake hana haki ya shubiri moja ya ardhi. Lakini jawabu hili fupi lina historia ndefu nyuma yake, na kwa watu wa Unguja historia hiyo ni ya mitaa mizima, siyo ya nyumba moja mbili.

Katika makala haya tutaiangalia mitaa ya Ng'ambo ya mji wa Zanzibar katika muda wa miaka thelathini hivi, kuanzia amri ya kufuta utumwa ya mwaka 1897 mpaka mgomo wa kodi za viwanja wa mwaka 1928. Wengi wameusoma mgomo ule kuwa ni habari ya siasa, ya mnyonge na mwenye nguvu, nao hawakukosea. Sisi tutaiuliza habari hiyo kwa njia ya vitabu vyetu. Mwenye ardhi alipomwambia mtu "jenga hapa", neno lake lilikuwa neno gani katika sharia? Ilikuwa hiba? Wakfu? Ariya? Au ijara? Kila moja ya hayo manne lina hukumu yake, na tofauti baina yao ndiyo iliyokuja kuwatoa watu majumbani mwao au kuwabakisha.

Ng'ambo ya hori

Msomaji ambaye hajafika Unguja na ajue kwamba mji wa kale, ambao leo watu huuita Mji Mkongwe, zamani ulikuwa karibu kuwa kisiwa. Upande wa mashariki palikuwa na hori, na maji yalipojaa yaliingia na kuutenga mji na sehemu nyingine za kisiwa. Mtu akitaka kuvuka alipita darajani, na jina la Darajani limebaki mpaka leo ingawa daraja halipo, kwa kuwa hori lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20 na mahali pake sasa pana barabara na viwanja vya wazi. Upande wa pili wa hori ndio uliokuwa "ng'ambo", na neno likageuka jina.

Seyyid Said bin Sultan (aliyefariki mwaka 1856) alipoifanya Unguja makao yake, na biashara ya karafuu na pembe ikakua, majumba ya mawe na chokaa yalijaa upande wa Shangani, Malindi na Forodhani. Ng'ambo palikuwa mashamba, na majina ya mitaa yenyewe ni shahidi. Hebu yasikilize: Mwembetanga, Mwembeladu, Miembeni, Mwembeshauri. Hiyo ni miembe. Michenzani palikuwa na michenza. Kisima Majongoo palikuwa na kisima. Mitaa ya Mji Mkongwe mingi ilipewa majina ya shughuli na sehemu za mji, kama Sokomuhogo na Forodhani. Ya Ng'ambo ilipewa majina ya mti na maji, kwa sababu mti na kisima ndivyo vilivyokuwapo kabla ya watu, na wote wawili, mti na kisima, walikuwa na mwenyewe.

Nani alikuwa mwenyewe? Sehemu kubwa ilikuwa ya mabwana wa Kiomani na jamaa za utawala. Baadhi ya ardhi iliwekwa wakfu, na baadaye sehemu nyingine zilinunuliwa na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Na nani alikaa? Watumwa na walioachwa huru, Wangazija, Washihiri, Wamanyema, Wanyamwezi, Wazaramo, Waswahili wa mrima na wa visiwani. Wengi wao, walipokuwa Waislamu, walifuata madhehebu ya Imamu Shafii, ilhali watawala na wenye ardhi wa Kiomani walikuwa Maibadhi. Jambo hili halikuleta ugomvi mkubwa katika mas-ala yetu, kwani kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafii walikaa katika mji mmoja na kila mtu alikwenda kwa kadhi wake. Tunalitaja tu ili msomaji ajue kwa nini hapa tunategemea Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277), kitabu ambacho mahakama za mwambao zilikitegemea sana, hata mahakimu wa Kiingereza wakawa wanakisoma kwa tafsiri iliyochapwa mwaka 1914.

Namna nyumba zilivyosimama

Nyumba ya Ng'ambo ilijengwa kwa boriti na fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Mwenye uwezo alipaka chokaa, na alipozidi uwezo alibadilisha makuti akatia mabati. Mbele palikuwa na baraza ya udongo, ndani ukumbi wenye vyumba huku na huku, nyuma uwani kwa wanawake, jiko na choo. Siku ya kukandika walikuja majirani, na mwenye nyumba alipika. Hakuna aliyehesabu ujira.

Nyumba zilisimama mbalimbali kidogo, pakawa na vichochoro. Hata hili lina fiqhi yake. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra (R.A.) makatazo ya Mtume (S.A.W.) kwamba jirani asimzuie jirani yake kuegemeza ubao katika ukuta wake, na wanavyuoni wa Kishafii wakakhitalifiana: katika kauli ya kale ya Imamu hulazimishwa, katika kauli mpya halazimishwi bali husihiwa. Watu wa Mji Mkongwe, ambao kuta zao za mawe zimeshikana, waliihitaji sana hukumu hii. Watu wa Ng'ambo walikuwa na shida nyingine: maji yanayochuruzika kutoka paa la makuti la huyu kwenda kwenye ukuta wa udongo wa yule. Masika moja hutosha kuuangusha. Ugomvi wa namna hiyo haukufika kwa kadhi, ulikwisha barazani kwa wazee.

Mtaa ulikuwa na msikiti wake, mara nyingi wa udongo na makuti kama nyumba nyingine, na chuo ambamo mwalimu aliwasomesha watoto Qur'ani barazani kwake. Waliotaka kuendelea walivuka daraja. Huko ndiko walikokuwa mashekhe wakubwa wa zama zile, Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925, Allah awarehemu. Madrasa ya Sheikh Bakathir pale Ukutani iliendelea kupokea wanafunzi baada yake.

Sasa, huyu aliyekuwa na nyumba ya udongo, kiwanja alikipataje? Kwa kawaida alikwenda kwa mwenye shamba, au kwa msimamizi wake, akaomba. Akaambiwa jenga. Pengine alikuwa mtumwa wake, au huru wake, au mtu aliyetaka ulinzi kwake. Hakuandikiwa kitu. Hakulipa kodi ya mwezi wala ya mwaka. Alichokitoa kilikuwa kingine: siku ya harusi ya bwana alikwenda kusaidia, siku ya msiba alikwenda kuzika, siku ya Idi alikwenda kutoa mkono. Bwana naye alipata watu, na katika mji ule utukufu wa bwana ulihesabiwa kwa watu wake. Mwandishi hasemi kwamba ulikuwa uhusiano mwema, kwani chini yake ulikuwapo utumwa, na anayeusifu ajiulize kama angekubali yeye kuwa upande wa chini. Lakini ulikuwa uhusiano unaojulikana, na ulikuwa bila ya fedha.

Mwaka 1897: nyumba inakuwa ushahidi wa uhuru

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuiondoa hadhi ya utumwa katika sheria. Amri hiyo haikumwacha huru kila mtu siku ile ile. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba, na bwana alilipwa fidia. Masuria hawakuingia katika amri ile, mpaka ilipotoka amri nyingine mwaka 1909.

Kuna sharti moja katika amri ya 1897 ambalo wengi hulipita. Anayeachwa huru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kupata riziki, vinginevyo ahesabiwe mzururaji. Ndugu msomaji, litazame vizuri jambo hili. Maana yake ni kwamba kibanda cha udongo Ng'ambo kilikuwa zaidi ya kibanda. Kilikuwa ushahidi wa mtu mbele ya serikali kwamba yeye ni huru na si mhuni. Na kibanda hicho kimesimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine, pengine cha yule yule bwana aliyelipwa fidia.

Hapa pakazuka mas-ala ya pili, ya walaa. Mtume (S.A.W.) amehukumu katika kisa cha Barira (R.A.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba walaa ni ya aliyeacha huru. Na katika Kishafii mwenye walaa humrithi aliyemwacha huru pale anapokosekana mrithi wa nasabu wa kuimaliza mali. Je, bwana aliyelipwa fedha na serikali ndiye "aliyeacha huru"? Kwa mujibu wa maana ya hadithi, walaa ni neema ya aliyetoa, na mtu aliyelazimishwa na kulipwa ni vigumu kumwita mtoaji. Hilo ni rai ya mwandishi, na mwenye dalili yenye nguvu zaidi atusahihishe. Ila si mas-ala ya vitabuni tu. Bibi aliyetoka utumwani, hana mtoto, ana nyumba ya vyumba viwili Kikwajuni: akifa nyumba ni ya nani? Akiiweka wakfu akiwa hai na mwenye afya, mlango wa walaa umefungwa, kwa kuwa hakuacha mali ya kurithiwa.

Na aliweza kuiweka wakfu? Ardhi si yake! Imamu Nawawi amelijibu hili katika mlango wa wakfu: mwenye kuweka wakfu jengo au miti iliyomo katika ardhi aliyoikodi kwa ajili hiyo, kauli sahihi zaidi ni kwamba wakfu wake unasihi. Kwa hukumu hii msikiti wa makuti juu ya kiwanja cha kodi una heshima yake, na nyumba ya bibi yule inaweza kuwa makazi ya masikini baada yake. Tunasema haya kwa kuwa katika Ng'ambo wenye nyumba wanawake hawakuwa wachache, na uislamu wao ndio uliowapa haki ya kumiliki, kuuza na kutoa bila ya idhini ya mume wala ya bwana.

Wakfu chini ya Kamisheni

Wakfu wa Unguja ulikuwa wa aina nyingi. Upo wa misikiti, wa visima, wa kusomea hitima, wa jamaa na kizazi. Na upo uliowekwa na mabwana kwa ajili ya waliokuwa watumwa wao na vizazi vyao, wakae katika ardhi au nyumba fulani. Huu wa mwisho una asili tukufu. Sayyidna Umar (R.A.) alipoipata ardhi ya Khaybar akamtaka shauri Mtume (S.A.W.), aliifungia asili yake, isiuzwe, isitolewe hiba wala isirithiwe, na matunda yake akayafanya ya mafakiri, jamaa, watumwa wa kukombolewa, njia ya Allah, wageni na wasafiri. Watumwa wametajwa katika wakfu ule mashuhuri kuliko yote.

Mwaka 1905 serikali ilitunga sheria na kuunda Kamisheni ya Wakfu. Ndani yake waliwekwa wajumbe wa Kiibadhi na wa Kishafii pamoja na maofisa wa serikali. Kamisheni ikakuta wakfu usio na hati, wakfu ambao msimamizi wake amekufa, na ardhi ambayo watu wamekaa bila ya kulipa na hakuna ajuaye kwa sharti gani. Ofisi haina la kufanya na mambo ya namna hiyo ila kuandikisha, kupima na kutoza.

Tuseme kwa insafu: katika hili Kamisheni haikuwa bila ya hoja ya kisharia. Msimamizi wa wakfu haruhusiwi kukodisha mali ya wakfu kwa chini ya ujira wa mfano, yaani ujira ambao mali kama ile hukodishwa mahali pale. Akipunguza amewadhulumu wanaostahiki. Kwa hivyo karani aliyekwenda kumtoza mtu wa Mlandege kodi ya kiwanja aliweza kusema kwamba anaihifadhi haki ya msikiti au ya mayatima. Lakini hoja hiyo hufaa pale tu ambapo manufaa ya ardhi yaliwekwa kwa ajili ya hao wengine. Ikiwa mwekaji wakfu alikusudia kwamba watu wale wale wakae pale, basi wao ndio wanaostahiki, na kuwatoza ni kuwauzia kilicho chao. Wanavyuoni wamesema sharti la mwekaji wakfu hufuatwa kama inavyofuatwa nassi. Taabu ni kwamba sharti lenyewe lilitamkwa kwa ulimi miaka hamsini nyuma, na walioshuhudia wamezikwa.

Wenye ardhi binafsi hawakuwa na hata hoja hiyo. Wao walikuwa na shida nyingine: watu hawakuwa tena watumwa wao, utukufu wa kuwa na wafuasi ulikuwa umepungua thamani, na wengi wao walikuwa na madeni. Mji ulikua, kiwanja kikawa na bei. Waliouza waliuza kwa watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na waliokaa juu yake.

Mgomo wa 1928

Katika miaka ya 1920 kodi za viwanja zilienea Ng'ambo na zikapandishwa. Mwaka 1923 mpangaji miji Lanchester alikuwa amechapisha mpango wake wa mji wa Zanzibar, na machoni mwa serikali Ng'ambo ilionekana mahali pasipo na utaratibu, pa kunyooshwa na kupimwa. (Aliyewahi kutafuta nyumba ya mtu Ng'ambo kwa kuuliza msikiti na mwembe anajua kwamba utaratibu ulikuwapo, ila haukuwa wa kuchorwa.) Waliokuwa na nyumba wakaanza kukataa kulipa. Mwaka 1928 ukataaji ukawa mgomo wa mitaa mingi kwa pamoja, wanaume kwa wanawake. Waliokataa walishitakiwa, na serikali, ilipoona kwamba jambo limekuwa kubwa, ililazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo.

Ndio mwaka huo huo ambao Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyehamia mjini, alikwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Mas-ala ya ala za muziki yana mahali pake, hatutaingia humo. Tunamtaja kwa kuwa nyimbo zake zilizungumzia kesi na dhulma za watu wa mitaa hii, na kwa hiyo mtu wa Ng'ambo ambaye hakwenda mahakamani aliisikia mahakama ikizungumzwa nyumbani.

Turudi kwenye swali letu. Waliogoma walidai kwamba nyumba ni zao na kukaa pale ni haki yao ya tangu zamani. Wenye ardhi walidai kwamba ardhi ni yao na mwenye ardhi hutoza atakavyo. Nani alikuwa na sharia?

Kwanza, hawakuwa wavamizi. Mtume (S.A.W.) amekanusha haki ya mzizi wa mwenye kudhulumu, kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi, yaani mwenye kupanda au kujenga katika ardhi ya mtu bila ya idhini. Watu wa Ng'ambo waliambiwa wajenge. Kwa hiyo hukumu ya mvamizi, ambaye huambiwa abomoe bila ya fidia, haiwafikii.

Pili, ikiwa hakukutajwa hiba wala wakfu, wala kodi, basi lililo karibu zaidi ni ariya, kuazima ardhi kwa kujenga. Na katika ariya mwenye ardhi anaweza kurejea. Hapa ndipo wengi wanaposimama, wakasema: basi, mwenye ardhi ameshinda. Hawakuusoma mlango mpaka mwisho. Imamu Nawawi anaeleza kwamba aliyeazima ardhi kwa kujenga bila ya kutaja muda, kisha akarejea, hutazamwa: ikiwa alishurutisha tangu mwanzo kwamba jengo litaondolewa bure, sharti lake hufuatwa. Ikiwa hakushurutisha, na aliyejenga hataki kuondoa, halibomolewi bure. Mwenye ardhi hupewa hiari: ama alibakishe jengo kwa ujira, ama aliondoe na amlipe mwenzake upungufu wa thamani uliotokana na kubomoa. Ipo na kauli kwamba anaweza kulimiliki kwa kulipa thamani yake. Na kila mmoja anaweza kuuza kilicho chake. Aliyenunua ardhi husimama mahali pa aliyeuza, hapati zaidi ya alichokuwa nacho yule.

Angalia mizani hii. Kwa mujibu wake, mwenye ardhi wa mwaka 1928 alikuwa na haki ya kutaka ujira kuanzia alipoitaka ardhi yake, na waliosema kwamba hawapaswi kulipa hata senti, bila ya ushahidi wa hiba au wakfu, walipita kiasi. Lakini kumtoa mtu na kuiacha nyumba yake ianguke bila ya kumlipa haikuwa haki ya mwenye ardhi hata kidogo. Na mnunuzi mgeni aliyesema "mimi sikumruhusu mtu" hakuwa na hoja, kwa kuwa alikinunua kiwanja kikiwa na nyumba juu yake.

Tatu, ni kiasi cha ujira. Ikiwa kodi ilikuwa ya mwezi kwa mwezi, kila mwezi kadha wa kadha, bila ya kutajwa mwisho, basi katika madhehebu yetu ijara ya namna hiyo haisihi kwa kauli sahihi, kwa sababu muda haujulikani. Na ijara isiyosihi hurudishwa kwenye ujira wa mfano. Kwa hiyo mwenye ardhi hakuwa na haki ya kupandisha kwa matakwa yake. Kilichokuwa wajibu ni ujira wa kawaida wa viwanja vya mahali pale, na hilo hukadiriwa na watu waadilifu wenye ujuzi. Sheria ya serikali ya mwaka 1928 iliyozuia upandishaji ilifika karibu na hapo, kwa njia yake nyingine.

Mwanafunzi asidhani kwamba jambo hili lilikuwa la Unguja peke yake. Al-Maqrizi (aliyefariki 845 Hijria, sawa na 1442), katika kitabu chake cha Khitat, ameitaja mitaa ya Kairo iliyojulikana kwa jina la hikr, yaani ardhi ambayo watu walijenga juu yake na wakailipia, nyumba zikiwa zao. Mitaa mizima ya miji ya Waislamu imesimama hivyo kwa karne nyingi. Kilichopungua Ng'ambo ni hati. Kule Kairo hikr iliandikwa na ikasajiliwa kwa kadhi. Huku iliachwa katika heshima ya watu wawili, na heshima ile ilipokwisha hakukubaki kitu cha kusomwa.

Baada yake

Kodi za viwanja ziliendelea Ng'ambo, zikizuiwa na kulalamikiwa, mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Baada yake ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na suala la mwenye kiwanja likafungwa kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia mwaka 1928. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa mafundi wa Ujerumani ya Mashariki, yakajengwa majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani, na nyumba nyingi za zamani zikabomolewa kuyapisha. Anayepita pale leo anaona barabara mbili pana zinazokatana. Michenza haipo, na vichochoro vilivyojulikana na watu wake vimebaki katika mazungumzo ya wazee. Msikiti au kisima kilichokuwa wakfu katika eneo kama hilo, hukumu yake ni mas-ala marefu ya kubadilisha wakfu, yanayohitaji makala yake.

Mombasa mambo yalikwenda njia nyingine. Huko nyumba bila ya ardhi ni jambo la mpaka leo, katika Majengo na mitaa mingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi ambaye pengine hajawahi kumwona. Imamu wa huko akiitwa kugawa mirathi ya nyumba kama hiyo, kabla ya kutaja thumni ya mke na fungu la mtoto, na aulize risiti ya mwisho ya kodi ni ya lini. Malimbikizo ni deni la marehemu, na deni hutangulia wasia na mirathi. Kisha nyumba ithaminiwe kama jengo peke yake, si kwa bei ya jengo na ardhi kama wafanyavyo madalali. Na mmoja wa warithi akitaka kuliuza fungu lake kwa mtu wa nje, wenzake wasidai shufaa, kwani kwa Mashafii shufaa iko katika ardhi na jengo hufuata tu. Hapa ardhi haimo. Wallahu aalam.